Hodhi la Kuogea Linavuja: Je, Naweza Kubadilisha Wesiti Mwenyewe?

SWALI: Ndugu mwandishi, ninaishi ghorofa ya pili Upanga, katika nyumba ya zamani yenye hodhi la kuogea la chuma lililopakwa enameli. Jirani wa chini amenionyesha doa la unyevu kwenye dari yake, usawa wa bafu langu. Fundi niliyemwita alizungushia silikoni kwenye tundu la kutolea maji, lakini doa lilirudi, na sasa anataka hodhi lote ling'olewe. Je, kifaa cha kutolea maji hakiwezi kubadilishwa peke yake, na je, kazi hiyo naweza kuifanya mwenyewe?
Mkazi wa Upanga, Dar es Salaam

JIBU: Ndugu yangu wa Upanga, usikubali hodhi ling'olewe kabla ya kujua maji yanatokea wapi. Ikiwa enameli ni nzima na chuma hakijaoza, hodhi hilo bado litakutumikia kwa muda mrefu, na kifaa unachokiulizia, ambacho mafundi na wauzaji wetu hukiita wesiti, hubadilishwa peke yake. Silikoni iliyopakwa kwa juu haikuweza kudumu, kwa sababu kinachozuia maji hasa ni kile kilichobanwa chini ya mdomo wa wesiti, na hapo fundi wako hakufika.

Kwanza pata njia ya kuona chini ya hodhi. Kama upande wa mbele umejengwa kwa matofali na vigae bila kidirisha cha ukaguzi, bandua vigae vichache upande wa bomba tu, kiasi cha kupitisha mikono miwili na tochi. Kazi ikiisha usipazibe tena kwa saruji, bali weka kifuniko kinachofunguka. Ninalisisitiza hili kwa uchungu, kwa maana mabafu mengi mazuri ya jiji hili huvunjwa kwa sababu tu aliyejenga hakuacha mahali pa kupitisha mkono.

Kisha fanya uchunguzi kwa utaratibu. Ziba tundu kwa kizibo, jaza maji hadi nusu, weka kipande cha utepe usawa wa maji na uache saa kadhaa. Maji kupungua peke yake si ushahidi, kwa kuwa kizibo kilichochakaa huyapitisha kwenda bombani bila kuvuja popote. Ushahidi ni unyevu, kwa hiyo pitisha tishu kavu kuzunguka wesiti kwa chini na uone kama inalowa. Ikilowa wakati maji yametulia, kasoro iko kwenye mdomo wa wesiti. Ikibaki kavu hadi unapong'oa kizibo, kasoro iko kwenye trapu, yaani ule mkunjo wa bomba unaobaki na maji ili kuzuia harufu na mende, au kwenye maungio yanayofuata, na hapo hakuna haja ya kununua wesiti mpya. Ikilowa pale tu mtu anapokaa ndani, hodhi linacheza juu ya miguu yake na kuilegeza washa, yaani ile pete ya mpira inayozuia maji; liimarishe kwanza, la sivyo hata wesiti mpya itavuja. Na kama sehemu hizo zote ni kavu lakini jirani huona maji mnapooga kwa shawa, angalia mshono kati ya hodhi na ukuta.

Tuseme ni wesiti. Kama mlikuwa mmemwaga dawa kali ya kuzibua bomba, suuza kwa maji mengi kabla ya kufungua chochote, vaa glavu na miwani, kwa sababu magadi makali yanayobaki kwenye trapu huunguza ngozi na macho. Tega ndoo, fungua trapu, kisha tazama wesiti imefungwaje. Zipo zinazokazwa kwa skrubu ndefu ya katikati, na zipo zenye nati kubwa kwa chini. Kwa hizo za nati, mwenzako aingize mikono ya plaizi kwenye matundu ya chujio kwa juu ili wesiti isizunguke, nawe ulegeze nati kwa spana. Ikigoma, ipulizie mafuta ya kulegezea kutu na uiache hadi kesho yake. Ikigoma tena, ikate taratibu kwa msumeno wa chuma, wala usigonge kwa nyundo: enameli ni kioo kilichoyeyushwa juu ya chuma, na ikipasuka, kutu huanzia hapo.

Chukua wesiti ya zamani uende nayo dukani, iwe Kariakoo au Gerezani. Ya hodhi kwa kawaida ni ya inchi moja na nusu, ilhali ya sinki la kunawia mikono ni ya inchi moja na robo, na anayenunua kwa kukadiria kwa macho huzichanganya kwa urahisi. Hakikisha pia kwamba kama ile ya zamani ilikuwa na mdomo wa pembeni wa kupokea maji yanayofurika kutoka tundu la juu, mpya iwe nao.

Usafi wa sehemu ya kukalia wesiti ndio unaoamua matokeo. Kwangua silikoni na pate (ule udongo laini wa kuzibia) ya zamani kwa kipande cha plastiki, si kisu, hadi ukipitisha ukucha usikwame popote, kisha pakaushe kabisa. Kama wesiti mpya imekuja na mpira mnene wa kukaa juu, uweke ukiwa mkavu bila kuongeza kitu. Kama haina, paka silikoni chini ya mdomo wake, weka washa ya mpira kwa chini, kisha kaza nati kwa mkono na umalizie kwa spana kidogo tu. Silikoni ikijitokeza sawasawa pande zote, umekaza vya kutosha. Subiri saa 24, kisha rudia uchunguzi ule ule kabla ya kufunga kidirisha.

Kazi hii unaiweza. Lakini ukikuta bomba lililozama kwenye zege limeoza au limepasuka, simama hapo na umwite fundi bomba, kwa kuwa chini yako kuna familia nyingine.

SWALI: Kwetu tunatumia maji ya kisima yenye chumvi, na skrubu ya wesiti huliwa na kutu mara kwa mara. Ninunue ya aina gani?
Msomaji wa Mbezi

JIBU: Ndugu msomaji, chumvi hula haraka chuma cha kawaida kilichopakwa rangi ya fedha kwa juu. Chagua wesiti ya plastiki ngumu yenye skrubu ya chuma kisichoshika kutu, na kama muuzaji anayo ya daraja la 316, hiyo hustahimili chumvi kuliko ya 304. Nenda na sumaku ndogo: ikinasa kwa nguvu kwenye skrubu, irudishe kwa muuzaji, kwa maana hiyo si ya madaraja hayo.