Nilimtenga siku ileile, mbona mdogo wake kaugua?

SWALI: Shikamoo dokta. Mwanangu wa miaka 6 katoka vipele vya surua, siku ileile nikamhamishia chumba chake, vyombo mbali, nguo mbali. Siku 8 baadae mdogo wake wa miezi 8 nae homa, macho mekundu. Mama mkwe anasema nimezembea. Mkubwa alichanjwa dozi moja, ya pili tulisahau. Nilikosea wapi? – Mama wa wawili

JIBU: Marahaba mama, na pole sana, najua hulali. Hebu tuhesabu pamoja. Mtu akishapata virusi vya surua homa huanza baada ya siku kama 10 hadi 12, sasa chukua siku homa ya mdogo ilipoanza urudi nyuma siku hizo, unaangukia siku 2 hadi 4 kabla kaka yake hajatoka kipele hata kimoja. Yaani alishaambukizwa wakati wote mnadhani ni mafua tu, maana mgonjwa wa surua anaambukiza tangu siku 4 kabla ya vipele mpaka siku 4 baada. Wanaofuatilia milipuko ndo wanavyofanya kazi hivi, wanahesabu siku kurudi nyuma hadi wajue nani alikutana na nani lini.

Kuhusu vyombo, haikuwa mbaya ila surua haipiti huko sana, inapita hewani na virusi vinaweza kuelea chumbani hadi masaa 2 mgonjwa ameshaondoka. Kila ugonjwa una mlango wake: kipindupindu ni maji na chakula, malaria ni mbu, na ukifunga mlango usio wake unachoka bure.

Hapo kwenye dozi ya pili nitakuwa mkweli ingawa inauma. Dozi moja ikitolewa na miezi 9 inakinga watoto kama 85 kwa kila 100, wengi wa waliobaki wanapata kinga kwenye dozi ya pili. Na surua haina huruma, mgonjwa mmoja kati ya watu wasio na kinga anaambukiza 12 hadi 18, ndo maana inatakiwa watu 95 kwa 100 wawe na kinga ili isipate pa kupita. Mwanao mdogo hakuwa na chanjo kwa sababu ya umri, kinga yake ilikuwa ni nyie mliomzunguka. Sikulaumu, wanaosahau ni wengi mno, lakini mkubwa akipona muulizie muuguzi ratiba yake yote iliyobaki.

Kwa sasa mpeleke mdogo kituoni leo, uliza kuhusu vitamini A, na ukifika waambie mlangoni kuwa ni surua kabla hujakaa kwenye foleni na watoto wa wenzio. Akikataa kunyonya, akapumua kwa haraka, akalegea au akapata degedege, usisubiri asubuhi.

SWALI: Namuuguza baba wodini, navaa glavu kutwa nzima. Kuna haja ya kunawa tena? – Binti wa kwanza

JIBU: Ipo mwanangu, tena kubwa. Glavu inakulinda wewe, haimlindi mgonjwa wa kitanda cha pili ukimgusa nayo. Vaa kwa kazi moja, vua, nawa. Mwaka 1847 kule Vienna daktari Semmelweis aliona wenzake wanatoka kupasua maiti wanaenda moja kwa moja kuzalisha, akawalazimisha kunawa kwa maji ya klorini, na vifo vya wazazi vikashuka kutoka kama 18 kwa kila 100 mwezi wa nne hadi kama 2 mwezi wa sita. Mikono tu hiyo! Sanitaiza ni nzuri ikiwa na alkoholi asilimia 60 au zaidi na mikono haina uchafu unaoonekana, ila kama baba anaharisha tumia sabuni na maji, kuna vijidudu vya kuhara ambavyo alkoholi haiviwezi.

SWALI: Karantini na kutengwa si kitu kimoja? – Msomaji

JIBU: Hapana. Anayetengwa ni mgonjwa, anayekaa karantini ni mzima aliyekutana na mgonjwa, tunasubiri tuone. Kwa surua anasubiriwa siku 21.