Mfugaji Auliza: Dume wa Mwaka wa Nne, Lita 25 na Mengine

Nina ng'ombe wa kienyeji 40, niko Kahama. Nikinunua dume wa Friesian, baada ya miaka mingapi kundi lote litakuwa la kisasa?

Achana na kundi lote. Ndama wa kwanza watakuwa nusu kwa nusu, na hao ndio wa kwako hasa: maziwa yameongezeka, na jua na kupe bado wanavihimili. Ukiwapandisha tena kwa Friesian unapata asilimia 75, ukirudia unafika 87.5, na kila hatua inadai majani, maji na dawa ya kuogesha zaidi. Kwa malisho ya Kahama mwezi wa Septemba, hatua hiyo ya tatu utaizika.

Chagua majike kumi wenye maziwa na wanaozaa bila kuruka miaka, uwahimilishe hao, yaani wapandishwe kwa mbegu ya Friesian kwa mrija. Waliobaki wape dume mzuri wa Boran. Au waulize watu wa kituo cha utafiti wa mifugo cha Mpwapwa. Pale Dodoma walichanganya Zebu wetu na Sahiwal, Red Sindhi, Boran na Ayrshire, wakapata ng'ombe aitwaye Mpwapwa, wa maziwa na nyama kwa ajili ya nchi kame. Inaniuma kuona wafugaji wa Kanda ya Ziwa wanampita huyu wakikimbilia Friesian mweusi na mweupe wa kwenye picha.

Miaka? Mimba ni miezi tisa, na huyo ndama atakamuliwa akikaribia miaka mitatu. Nusu ya ndama watakuwa madume. Weka miaka minne kabla ya kuona maziwa, na hiyo ni kama ndama hawafi. Mnaniuliza sana habari za mbegu, lakini ndama hamwulizi habari zake! Anywe dang'a, maziwa ya kwanza ya mama yake, ndani ya saa ya kwanza, ashibe, na achanjwe ndigana kali, ugonjwa unaoletwa na kupe. Ndama jike aliyekufa kwa uzembe amerudisha kundi nyuma miaka mitatu.

Ng'ombe wangu hashiki mimba, nifanyeje?

Swali hili linakuja kila wiki, na kila wiki linakuja tupu. Amezaa lini? Joto, yaani dalili za kutaka dume, lilionekana lini, asubuhi au jioni? Mtaalamu wa kuhimilisha alifika saa ngapi? Anayeonekana asubuhi ahimilishwe jioni ile ile. Wa jioni, asubuhi inayofuata. Joto hurudi baada ya siku 21 hivi, na asiyeandika tarehe hawezi kujua kama limerudi au limempita. Nunua daftari la shule, kila ng'ombe ukurasa wake: mama, baba, tarehe ya kuzaa, tarehe ya kupandwa. Likishajaa miezi mitatu, niandikie tena.

Dume wangu ni mzuri sana, huu mwaka wa nne yuko kundini. Kuna ubaya?

Upo, tena mkubwa. Binti zake wameshaanza kupandwa na baba yao. Damu ikijirudia hivyo ndama huzaliwa dhaifu, hukua polepole, na majike hushika mimba kwa shida. Hasara huonekana baada ya kizazi kizima, wakati dume mwenyewe ameshaliwa. Mwondoe kabla binti zake wa kwanza hawajafikia kupandwa, yaani kila miaka miwili hadi mitatu. Mkibadilishana na mfugaji wa mbali, daktari wa mifugo awapime madume kwanza. Dume wa kuazima hutembeza magonjwa ya uzazi boma hadi boma.

Na unapotafuta mpya, nundu na kifua visikutoshe. Mwombe mwenyeji akamue mama yake ukiwepo. Chuchu nne zote zitoe sawasawa. Kiwele kiwe kimeshikamana na tumbo, kisining'inie hadi magotini, na baada ya kukamuliwa kilegee. Kikibaki kigumu, yule mtoto wake mwache hapo hapo.

Friesian au Jersey, ipi bora?

Ile unayoweza kuilisha mwezi wa kumi. Mwenye eneo dogo aanze na Jersey, mwenye mwili mdogo.

Mtamba wangu, jike ambaye hajazaa, ana miezi 15. Apandishwe?

Mpime uzito, miezi peke yake haitoshi. Awe amefikia asilimia 60 hadi 65 ya uzito wa ng'ombe mkubwa wa aina yake. Utepe wa kupima kifua unatosha. Akipandwa mdogo atakwama wakati wa kuzaa.

Nimepata ng'ombe wa lita 25 kwa siku. Ninunue?

Umezikamua hizo lita, au umeambiwa? Nenda ukashuhudie jioni na asubuhi inayofuata, na uulize amezaa lini, kwa kuwa maziwa ya mwezi wa pili si ya mwezi wa nane. Ukizuiwa, ondoka. Kwa pesa hiyo hiyo mimi ningetafuta mitamba chotara wawili wenye mimba, ambao mama zao nimewaona.

Ndama jike amezaliwa pacha na dume. Nimkuze awe wa maziwa?

Hapana. Zaidi ya tisa kati ya kumi wa namna hiyo hawazai kamwe. Mnenepeshe, umuuze.