Wasomaji Wauliza: Nondo na viumbe wa usiku bustanini

Nilitundika shuka jeupe ukutani nikawasha balbu ya LED ya wati 9. Mbu walikuja, nondo hawakuonekana. Tatizo ni nini? – Msomaji, Morogoro

Tatizo ni balbu. Nondo wengi huvutwa na mionzi ya urujuanimno, ambayo sisi hatuioni, na balbu za kawaida za LED karibu hazitoi mionzi hiyo. Tafuta taa ya aina ile inayotumika madukani kukagulia noti bandia. Jihadhari na balbu zilizopakwa tu rangi ya zambarau: ijaribu kwa noti kabla ya kulipa, na kama alama zilizofichwa haziwaki, mrudishie muuzaji. Usiikodolee macho taa yenyewe, inaumiza.

Shuka litoe ukutani, ulianike kwenye kamba ili wadudu watue pande zote mbili, na upindo wa chini uutandaze ardhini kama nusu mita, maana nondo wengi huanguka chini kwanza. Taa ikae sentimita 30 hivi kutoka kitambaani. Kisha zima taa ya baraza! Usiku wa mbalamwezi usijisumbue. Subiri giza, hasa mvua za vuli zinapoanza, hewa ikiwa ya joto na haina upepo. Anza magharibi na uvumilie hadi saa sita usiku, kwa sababu kila aina ina saa zake.

Wapo wasiojali taa kabisa. Hao wapikie: ponda kilo moja ya ndizi zilizoiva kupita kiasi na robo kilo ya sukari guru, funika siku mbili zichachuke, kisha jioni paka kwenye shina la mti kwa kimo cha kifua. Pitia kila nusu saa na tochi hafifu.

Mtego wangu ni ndoo ya lita 20 yenye faneli, taa ikiwa juu. Asubuhi nakuta mabawa matupu. – Msomaji, Kilifi

Ni sisimizi, au mjusi aliyeingia kula. Weka ndoo juu ya matofali yaliyosimama ndani ya sinia la maji yenye tone la sabuni, na hakikisha hakuna jani wala waya unaogusa ndoo, kwani hilo ndilo daraja lao. Tundu la chini la faneli lisizidi sentimita 5. Ndani panga trei za mayai za karatasi. Nondo wakipata mahali pa kujibanza hutulia, bila hivyo hupigapiga mabawa mpaka magamba yote yanapukutika. Toboa matundu madogo ya kutolea maji chini na uyazibe kwa wavu. Umeme wa nyumbani na mvua havipatani: tumia betri ya volti 12.

Fungua mtego alfajiri kabla ndege hawajaamka, piga picha, kisha waachie kwenye kichaka chenye kivuli. Tunalisisitiza hili kwa sababu nchini Kenya nondo wakubwa wenye mwendo wa kasi ndio wachavushaji wakuu wa mipapai. Ukiwaua, unapunguza mapapai.

Watoto walipata malengelenge shingoni baada ya kukaa karibu na taa. Ni nondo? – Mama, Kisumu

Huenda ni yule mdudu mwembamba, mwekundu na mweusi, aitwaye Nairobi fly. Haumi, sumu yake iko mwilini na hutoka akipondwa kwenye ngozi. Akitua, mpulize, usimpige. Ukishamponda, osha mara moja kwa sabuni na maji na usijiguse macho; malengelenge hujitokeza baada ya siku moja hivi. Watoto wavae mikono mirefu na wakae mita kadhaa kutoka kwenye taa.

Nitamwonaje komba bila kumtisha? – Msomaji, Tanga

Shika tochi usawa wa jicho lako, si kiunoni, la sivyo mng'ao wa macho yake haukurudii. Ukiona nukta mbili za rangi ya chungwa mtini, funika tochi kwa plastiki nyekundu na usimame palepale.