Tarehe tatu alizoniuliza wakili wa Rajkot

Wiki iliyopita dada mmoja wa Nairobi, Mhindu mwenzangu aliyeolewa Ahmedabad, India, aliniandikia ujumbe mrefu usiku wa manane. Mumewe, ambaye kwenye biodata, ile karatasi ya sifa za mchumba, aliandikwa kuwa mhandisi mwenye ajira ya kudumu, kumbe hakumaliza chuo, na mshahara aliokuwa akiuonyesha ulikuwa fedha za kaka yake. Aliuliza jambo moja tu: ndoa kama hiyo inaweza kubatilishwa, au ndiyo ameshafungwa nayo? Nimeona nimjibu hadharani, kwa sababu swali hilo niliwahi kuliuliza mimi mwenyewe, tena nikiwa nimechelewa.

Mimi niliozwa Rajkot, katika jimbo la Gujarat, mwezi Februari 2017. Posa ilikwenda kama zinavyokwenda posa zetu: shangazi wa huko akatuletea Mombasa biodata ya kijana, maharaj, yaani kuhani wetu, akalinganisha nyota, wazee wakachunguzana ukoo, nami nikakaa na mchumba sebuleni kwa dakika arobaini huku mlango ukiwa wazi. Biodata ilisema kwamba hajawahi kuoa. Sikuhoji, na nikisema ukweli, nilikuwa na haraka, maana mdogo wangu alikuwa ameshaposwa na watu walikuwa wameanza kunitazama kwa huruma. Tukauzunguka moto, tukapiga hatua saba. Kwa mujibu wa Sheria ya Ndoa za Kihindu ya India ya mwaka 1955, pale ambapo hatua hizo ni sehemu ya ibada, ya saba ikishapigwa ndoa imetimia.

Mwezi Juni, mvua zilipoanza, nilikuwa nikitafuta kitabu cha benki ndani ya kabati la chuma nikaikuta bahasha ya kaki chini ya sari za zamani. Kigujarati nimekizungumza tangu utotoni, lakini kukisoma nasoma polepole, kwa kufuatisha kidole. Nikasoma jina la mume wangu, kisha jina la mwanamke ambaye si mimi, kisha neno chhutachheda, yaani talaka, na muhuri wa mahakama chini yake. Mama mkwe alikuwa jikoni akisukuma rotli, chapati zetu nyembamba. Nilipomwonyesha zile karatasi hakuacha kusukuma, alisema tu, “Beta, mwanangu, hilo lilikwisha zamani, unalifufua la nini?” Nilimpigia simu mama yangu Mombasa nikilia, naye akaniambia, “Vumilia, dikri, binti yangu, talaka mbili katika nyumba moja watu watasema nini?”

Nikavumilia miezi saba. Niliondoka Januari 2018, siku mbili baada ya Uttarayan, sikukuu ya kurusha tiara, wakati nyuzi za tiara zingali zimenasa kwenye miti na nyaya za mtaa mzima.

Wakili niliyemwendea alikuwa mama wa makamo, na hakutaka kusikia habari za mama mkwe wala za kilio changu. Aliweka kalenda mezani akaniuliza tarehe tatu: ya harusi, ya siku niliyoujua uongo, na ya usiku wa mwisho niliolala na mume wangu kama mke. Nilipoitaja ya tatu aliivua miwani yake, nami nikajua kabla hajasema neno.

Kifungu cha 12 cha ile Sheria ya Ndoa za Kihindu kinamruhusu mtu kuomba ndoa ibatilishwe iwapo ridhaa yake ilipatikana kwa ulaghai kuhusu jambo la msingi linalomhusu mwenzake; maneno hayo ya jambo la msingi yaliongezwa mwaka 1976, na kumficha mke wa awali ni jambo la msingi kweli kweli. Hata hivyo mlango huo una komeo mbili. Ombi lazima lifikishwe mahakamani ndani ya mwaka mmoja tangu ulaghai ugundulike, na mwombaji asiwe ameendelea kuishi na mwenzake kama mume na mke, kwa hiari yake, baada ya kugundua. La mwaka mmoja nilikuwa bado nalo, lakini lile la pili nilikuwa nimelipoteza mwenyewe kwa miezi saba ya kumridhisha kila mtu isipokuwa nafsi yangu. Nilibaki na talaka ya maridhiano ya kifungu cha 13B, ambayo inataka wanandoa wawe wametengana kwa mwaka mzima kabla ya kuomba, kisha wasubiri miezi sita zaidi. Mahakama ya Juu ya India iliamua mwaka 2017 kwamba miezi hiyo sita inaweza kusamehewa, lakini kwa masharti ambayo mimi sikuyatimiza. Nikatoka huru Agosti 2019, na kwenye karatasi mimi ni mtalaka, neno ambalo shangazi yuleyule aliyeleta biodata hulitamka kwa kushusha sauti.

Kwa hiyo dada zangu, nasema bila kuuma maneno: siku mliyojua ndiyo siku ya kuhesabu. Hameni chumba siku hiyohiyo, hata kama hamjahama nyumba, na muandike tarehe mahali. Biodata msiitupe, wala ujumbe wa simu ambamo yale maelezo yalirudiwa, kwa maana mahakama hutofautisha kati ya sifa zilizotiwa chumvi, ambazo kila familia huzitia, na uongo wa jambo ambalo lingalijulikana msingalikubali. Iwapo mume bado ana mke hai ambaye hajamwacha, ndoa yenu ni batili tangu mwanzo na komeo zile mbili haziwahusu. Tena kuificha ndoa hiyo ni kosa la jinai linaloweza kumfunga hadi miaka kumi. Dhahabu mliyopewa kama bibi harusi ni mali yenu, na mtoto aliyezaliwa hapotezi uhalali wake ndoa ikibatilishwa.

Wale mliofunga ndoa ya Kihindu hapa Kenya mko chini ya Sheria ya Ndoa ya mwaka 2014, na kwenu hesabu ni kali zaidi: mwaka mmoja wa kuomba kubatilishiwa ndoa huanza siku ya harusi yenyewe, si siku ya kugundua. Msisubiri baraza la wazee limalize chai yake. Wazee hao ndio walioichunguza posa, na sijamwona mzee anayefurahi kukiri kwamba hakuchunguza.

Yule dada wa Ahmedabad nilimuuliza zile tarehe tatu. Mbili alinijibu papo hapo. Ya tatu ameisoma, na hadi naandika haya hajaandika kitu.