Asumini, Yasmini au Jasmine? Shangazi anajibu

SWALI: Shikamoo Shangazi. Nina ujauzito wa miezi saba na kipimo kimeonyesha ni binti. Nimelipenda jina Asumini, ila nyumbani hatujaelewana. Mume wangu anataka Jasmine, anasema ndilo la kisasa. Mama mkwe ni Mkatoliki, anadai ni jina la Kiislamu na padri hatalikubali. Dada yangu naye ananicheka, eti nampa mtoto jina la katuni. Hasa limetoka wapi? Na halijawa la kila mtu?
Mama Kijacho, Morogoro

JIBU: Marahaba mwanangu, Mungu akujalie ujifungue salama.

Nianze na dada yako, maana lake ni jepesi. Katuni anayoisema ni Aladdin ya Disney, iliyotoka mwaka 1992, na humo kweli mna binti mfalme aitwaye Jasmine. Lakini Marekani kwenyewe jina hilo lilishaanza kupanda miaka ya 1980, kabla ya filamu. Miaka ya 1990 likawa miongoni mwa majina 30 yanayopendwa zaidi kwa watoto wa kike, kisha likashuka, na siku hizi halimo hata katika 100 ya kwanza. Mumeo akisema ni la kisasa, mweleze kwa upole kwamba akina Jasmine wengi wa huko sasa ni watu wazima, na wengine wanalea.

Jina ni la ua, na ua lilitangulia katuni kwa karne nyingi. Waajemi waliliita yasamin, Waarabu wakalichukua kwao. Njia moja ikaelekea Ulaya, ndiko ilikopatikana jasmin ya Wafaransa na jasmine ya Waingereza. Njia nyingine ikaja mwambao wetu, nasi tukaliita yasmini, asmini, asumini. Hilo unalolipenda wewe na hilo analolitaka mumeo ni ndugu wa tumbo moja, ila lako limekulia Pwani.

Na Pwani halikukaa kitabuni. Kwetu Pangani mwasumini ulipandwa uani karibu na pale watu wanapotawadhia, upate maji bila mtu kubeba ndoo. Alasiri mama alituma watoto tukachume vichwa vilivyofumba, vyeupe, vimejaa kama punje za mchele ulioiva. Vilivyokwisha kufunguka alivikataa. Ua hili hufunguka jua likishazama, na hapo ndipo harufu inapotoka. Ukitaka linukie kichwani au chumbani usiku, ulitunge lingali limefumba. Tulilitunga kwa sindano na uzi, mengine yakawa koja, mengine mama akayachanganya na mrehani, waridi na mkadi, akafunga kikuba cha kuweka kifuani. Bibi harusi hakuingia chumbani pasipo asumini kitandani. Mpaka leo ukifika Unguja, Mombasa au Lamu utawakuta wanaoyatunga. Mwanamke anayepewa jina hili anapewa na heshima hiyo yote: unadhifu, mapambo, furaha ya nyumba. Sioni zawadi ndogo hapo.

Asili ya mmea huu wa bustanini ni Asia ya Kusini, na huku umekaa muda mrefu mno kuitwa mgeni. Wafilipino nao wameufanya ua la taifa lao tangu 1934, wanauita sampaguita. Sisi tuna na wa porini, maua yake huitwa afu.

Sasa mkweo, na hapa nakuomba usimjibu kwa ukali, maana anachokilinda ni imani ya mjukuu wake. Ni kweli Waislamu wengi wanaitwa Yasmini, nasi Pwani tumelizoea katika nyumba za Kiislamu. Hata hivyo si jina la ibada wala la mtume. Kurani hailitaji ua la yasmini. Inataja rehani, yaani mmea unaonukia, katika sura ya Ar-Rahman. Kwa upande wa Kanisa Katoliki, Sheria za Kanisa za mwaka 1983, kanuni ya 855, zinawataka wazazi, wasimamizi wa ubatizo na paroko waangalie jina lisiwe geni kwa fikra za Kikristo. Hazisemi lazima liwe la mtakatifu. Ua aliloliumba Mungu linamkosea nani? Nendeni kwa paroko wenu mapema, nyote watatu, mama mkwe awemo, aulize mwenyewe na ajibiwe mwenyewe.

Na kama bado moyo wake haujatulia, mpeni nafasi ya jina la pili. Mtakatifu Teresa wa Mtoto Yesu anajulikana duniani kote kwa sifa ya Ua Dogo. Asumini Theresia: ua juu ya ua! Nikiwa mimi ndiye bibi, ningepiga kigelegele.

Umeuliza kama limekuwa la kila mtu. Yasmini utawakuta wengi, na Jasmine mijini wamejaa. Asumini wapo, ila darasani huko Morogoro binti yako hatakuwa na mwenzake kwenye kila dawati.

Ninalolitilia mkazo kuliko yote ni tahajia. Nimefundisha shule ya msingi miaka mingi, nikaona Jasmine akiandikwa Jasmin, Jesmin, Yasmine na Jazmini, mtoto mmoja huyohuyo, kadiri ya nani ameshika kalamu. Akifika darasa la saba cheti cha kuzaliwa kinasema hivi na fomu ya mtihani vile, mzazi anaanza kutafuta hati za kiapo. Asumini linaandikwa kama linavyotamkwa, bibi wa kijijini na karani wa mjini wote wataliandika sawa. Kwa hilo tu mimi nipo upande wako.

Mkishakubaliana, liandikeni kwa herufi kubwa kwenye karatasi, baba aende nayo kusajili ndani ya siku 90 tangu mtoto azaliwe. Asilitaje kwa mdomo. Ampe karani karatasi, na kabla hajatoka dirishani akisome cheti herufi kwa herufi.