FUNDI ANAJIBU: Kompyuta inapiga shoti, redio inakoroma, na ile CE ya mgongoni mwa chaja

Mwezi huu maswali karibu yote ni ya umeme unaosumbua bila kuua. Nimechagua manne. Mawili ya kwanza ni Kulwa na Doto ingawa wenyewe hawajuani.

Shikamoo fundi. Nina stesheneri yangu Mwanza. Kompyuta ukiigusa kwa nyuma kwenye bati inapiga shoti, siyo kubwa, ni kama sisimizi wanakutembea vidoleni. Zamani ilikuwa kidogo tu ila tangu nimeongeza printa na monita ya pili imezidi. Nikivaa ndala siisikii, nikiwa peku kwenye sementi ndo balaa. Fundi wa kwanza kaweka testa, ikawaka, akasema pawasaplai, kile kiboksi cha ndani kinacholisha kompyuta umeme, imekufa, nikanunua nyingine ya elfu arobaini, shoti iko palepale. Wa pili kakata plagi ya miguu mitatu kaweka ya miwili, hamna kilichobadilika. Nifanyeje? (Mama Stesheneri, Mwanza)

Marahaba dada. Pole kwa hiyo elfu arobaini maana pawasaplai ya zamani haikuwa na kosa lolote, na ndo maana mpya inafanya vilevile.

Iko hivi. Pawasaplai ya kompyuta haitumii umeme kama ulivyo, inaukatakata makumi ya maelfu ya mara kwa sekunde, na huko kukatakata kunatoa kelele za umeme ambazo zikiachwa zitarudi kwenye waya za nyumba na kusumbua redio na vifaa vya jirani. Kwaiyo pale umeme unapoingilia wanaweka chujio: koili (waya uliozungushwa, unazuia kelele) na kapasita kadhaa (vidude vinavyozipitishia kelele pembeni). Mbili kati ya hizo kapasita, moja imetoka kwenye waya wa moto, nyingine kwenye nyutro, ule waya wa kurudishia umeme, zinakutana kwenye bati la kompyuta, na bati linatakiwa liwe limeshikana na ethi, ule waya wa kijani na njano unaokwenda ardhini. Kazi ya kapasita ni kuzimwaga kelele kwenye ethi.

Sasa ethi isipokuwepo zinamwaga wapi? Bati linabaki linaning'inia katikati ya moto na nyutro, nusu ya volti 230, yaani kama 115. Testa lazima iwake, ile taa yake inahitaji umeme kiduchu sana, haikwambii ni mwingi au mchache. Umeme unaopita hapo ni mdogo kweli, kapasita ya nanofaradi 2.2 kwenye umeme wetu inapitisha kama miliampia 0.16, wengine hata hawausikii. Ila wewe una kompyuta, monita mbili na printa, zote kwenye ekstensheni moja nadhani, na matundu ya ethi ya ekstensheni yameunganishwa yenyewe kwa yenyewe bila kufika ardhini. Kila kifaa kinachangia chake, vyote vinasubiri mguu wako ulio peku ndo uwe ethi. Ndo maana printa ilipokuja sisimizi waliongezeka.

Kwaiyo anza na ekstensheni. Mimi mwenyewe niliwahi kununua moja nzuri, nyeupe, matundu matatu kila soketi, plagi ya miguu mitatu, nikaitumia miaka miwili. Siku nimeifungua nakuta waya ni mbili tu! Mguu wa tatu wa plagi umesimama kama pambo, haujashikana na kitu. Chomoa yako ukutani, fungua plagi, hesabu waya. Zikiwa mbili, tupa, usiniambie utaitumia kuchajia simu.

Zikiwa tatu basi shida iko ukutani, hapo mwite fundi umeme mwenye mita, siyo testa. Apime moto na nyutro, asome kama 230, halafu apime moto na tundu la ethi, asome karibu hivyohivyo. Akisoma kidogo au namba inacheza cheza, ethi hamna, achimbie rodi ya shaba nje na kuleta waya hadi kwenye mainswichi. Na umsimamie, maana kuna mafundi wa mkato wanachukua nyutro wanaiunga kwenye tundu la ethi hapohapo kwenye soketi, shoti inaisha kweli unamshukuru, ila siku nyutro ikikatika huko nyuma bati la kompyuta linapata 230 kamili na hiyo siyo sisimizi tena. Akiwa hapohapo muulize bei ya breka ya umeme unaovuja, ile ya miliampia 30 yenye kitufe cha kujaribia. Breka za kawaida zinalinda waya zisiungue, mtu hazimjui.

Na huyo wa pili aliyekata miguu mitatu arudishe plagi yenye fyuzi, tena kwa pesa yake.

Fundi mambo, mi nipo Tabora. Mzee wangu ana redio yake sebuleni, tangu nimfungie balbu za LED mpya nne inakoroma tu, hasa stesheni za mbali, usiku habari haisikii. Nikizima taa redio safi kabisa. Mzee anasema nimemletea majini. Redio ndo mbovu au? (Kijana wa Mzee)

Redio haina neno kijana, na majini waache wapumzike. Ni balbu.

Ndani ya balbu ya LED kuna sakiti ndogo inayokatakata umeme kama ile pawasaplai ya Mama Stesheneri, kelele zake zinapanda hadi kwenye masafa ya FM, megahezi 88 mpaka 108, na waya za taa zilizopita darini zinakuwa antena ya kuzisambaza. Stesheni ya karibu ina nguvu inazishinda, ya mbali inamezwa. Tofauti ni kwamba kwa dada yetu chujio lipo ila halina pa kumwagia, kwako chujio lenyewe hamna.

Nilizipasua mbili mezani kwangu, moja ya bei ya kueleweka na nyingine ya buku jero. Ya kwanza ina koili ndogo kama punje ya kunde na kapasita yake pale umeme unapoingilia. Ya pili, we acha, kwenye bodi sehemu ya koili imechorwa kabisa na matundu yake mawili yametobolewa, halafu wamepitisha kipande cha waya juu yake. Yaani mchoraji aliiweka, mwenye kiwanda akaitoa. Balbu inawaka vizuri tu bila hiyo koili, anayeumia ni mzee wako, na mzee wako hakuwepo dukani.

Wakubwa waliliona hili zamani sana. Kuna kamati ya kimataifa inaitwa CISPR, ipo tangu mwaka 1934, kazi yake kupanga kiasi gani cha kelele kifaa cha umeme kiruhusiwe kutoa ili redio zisikike, na taa zina kiwango chao, CISPR 15. Balbu ya kwangu ya buku jero sidhani kama imewahi hata kupita karibu na maabara.

Fanya hivi: toa balbu zote nne, rudisha moja moja redio ikiwa imewaka, mara nyingi utakuta mbili ndo wachawi. Ukitaka uhakika chukua redio ndogo ya betri, weka AM mahali pasipo na stesheni, isogeze karibu na balbu usikie inavyolia, hicho ni kipimo kizuri kabisa na dukani pia unaweza kwenda nacho, muuzaji atakuangalia vibaya lakini atazoea. Hizo mbovu hamishia chooni au nje mbali na redio, na antena ya mzee iweke dirishani mbali na waya za ukutani. Kama redio yake ni ya kuchomeka, kuna kile kidubwasha kinene cheusi kwenye waya za monita za zamani, watu wanadhani ni urembo, ile ni feraiti, inazuia kelele zisipite kwenye waya. Ukipata feraiti ya kufungua na kubana, zungushia waya wa redio mara tatu nne ndani yake karibu na redio yenyewe, waya ukiwa mzima na ganda lake, usikate kitu.

Kaka, mi fundi simu Kariakoo. Wateja wananibishia kwamba zile herufi CE kwenye chaja zikiachana ni ya Ulaya, zikibanana ni "China Export". Kweli?

Hamna alama rasmi inaitwa China Export. CE zilizobanana ni CE iliyochorwa vibaya au iliyoghushiwa, basi. Hata iliyochorwa sawasawa usiiabudu, kwa vitu kama chaja mwenye kiwanda anaibandika mwenyewe akitamka kwamba ametimiza masharti ya Ulaya ya usalama na ya kutosumbua redio, halazimiki kupeleka kwa mkaguzi wa nje kwanza. Na hayo ni ya soko la Ulaya, huku kwetu ulizia alama ya shirika la viwango, TBS, Kenya ya KEBS.

We ni fundi, fungua. Kati ya upande wa umeme mkubwa na upande wa simu lazima kuwe na uwazi kwenye bodi, milimita 5 hivi au zaidi, shaba isipite hapo. Ile kapasita ya bluu inayoruka huo uwazi iwe imeandikwa Y1, hiyo imetengenezwa ili ikifa isigeuke waya. Ukikuta wameweka kapasita ya kawaida usimrudishie mteja, maana ikipiga shoti siku hiyo 230 zinafika sikioni.

Nimenunua inveta ya solar, feni ikiwa kwenye inveta inanguruma na inapata moto, kwenye umeme wa kawaida iko kimya. Feni imeharibika?

Hapana. Inveta yako inatoa umeme wa ngazi ngazi, ule wa bei rahisi, TV na chaja havijali ila mota inajali sana. Dawa ni inveta ya pyua saini, ile inayotoa umeme wa mawimbi laini kama wa ukutani, najua ni ghali. Kwa sasa usiiache feni ikizunguka usiku kucha umelala, na ukianza kusikia harufu kama ya vanishi chomoa haraka, hapo koili za ndani zimeshaanza kuungua.