Mume wangu anataka kumjengea mama yake uani

*Shangazi, shikamoo. Nimeolewa miaka 14 sasa, tuna watoto watatu. Baba mkwe alifariki mwaka juzi na mama mkwe, mwenye miaka 71, amebaki peke yake. Magoti yanamsumbua, ngazi anapanda kwa kushika ukuta. Mume wangu anataka tumjengee kijumba cha kujitegemea hapa uani: chumba, choo na jiko dogo, kikiegemea ukuta wa chumba chetu cha kulala ili kupunguza gharama. Anakiita “nyumba ndogo” na majirani wanacheka. Pesa itatoka kwa mama mwenyewe, atauza nyumba yake. Shemeji zangu wawili bado hawajaambiwa. Mama akiulizwa anajibu, “Mtakavyoona wanangu.” Nampenda, lakini moyo unasita, na nikikataa nitaonekana nina roho mbaya. Nifanyeje? – Mke Anayesita*

Marahaba, mwanangu.

Mtu mwenye roho mbaya hangekumbuka kuniandikia kwamba mkwe wake anapanda ngazi kwa kushika ukuta, kwa hiyo hilo tuliweke pembeni. Mimi kijumba chenyewe hakinitishi. Kilichonifanya nivue miwani ni mambo mawili uliyoyapitia mbio mbio: kwamba mama atauza nyumba yake, na kwamba wanawe wengine hawajui.

Tuanze na kuuza. Katika nchi nyingi sheria ni kwamba jengo hufuata ardhi. Ukijenga kwenye kiwanja cha mtu, bila maandishi yoyote, ulichojenga ni chake. Maana yake, siku bati la mwisho litakapopigwa msumari, mama atakuwa ametoa nyumba yenye jina lake na kupata chumba kwenye kiwanja chenye jina la mwanawe. Mkigombana naye hana pa kurudi. Wewe na mumeo mkiachana (usinune, kazi yangu ni kuyasema haya), kijumba kinaingia kwenye mali za ndoa na kugombaniwa, yeye akiwa ndani. Mumeo akitangulia mbele ya haki, mama anabaki uani kwa mkwe. Na akitangulia mama, shemeji zako watakuja kuuliza nyumba ya mama yao iko wapi, nawe utawaonyesha nini? Ukuta wa chumba chako cha kulala.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza ni huu: nyumba ya mama isiuzwe sasa. Ipangishwe mwaka mmoja, na kodi iingie mkononi mwake, si mkononi mwa mumeo “kwa niaba yake”. Kama hapana budi pesa yake itumike kujenga, basi kabla ya msingi kuchimbwa iandikwe ni pesa ya namna gani. Ni zawadi? Ni mkopo? Au amenunua sehemu ya nyumba yenu? Zawadi hairudi, mkopo unarithiwa, na sehemu inahesabiwa siku mkiuza. Iandikwe pia kwamba ana haki ya kukaa humo maisha yake yote. Shemeji zako wawepo siku hiyo, na mama awe na wakili wake mwenyewe. Wakili wa mumeo ni wa mumeo, hata akiwa mcheshi kiasi gani.

Sasa hilo la “mtakavyoona wanangu”. Nalijua vizuri kwa sababu nami nimelisema. Wanangu walipokuja kunishauri nihame, walikaa wawili mbele yangu na futi ya fundi ilikuwa tayari mezani. Walishapima. Ningesema nini? Nikasema mtakavyoona. Ilichukua mwezi mzima kabla ya binti yangu kunijia peke yake, akakaa chini na kuniuliza kila siku asubuhi huwa naongea na nani. Hapo ndipo nilipolia.

Nenda kwake peke yako, bila mumeo na bila karatasi ya ramani. Usimuulize kama anataka kuja, maana atakwambia ndiyo ili asikuudhi. Muulize siku yake inakwendaje, nani humgongea mlango, kitu gani kinamshinda kufanya. Huenda ukagundua kinachomshinda ni bafu tu, na bafu linarekebishika hukohuko aliko. Huenda pia akakwambia usiku anaogopa, na kwa woga wa usiku dawa ni watu.

Akisema anataka kuja, mkaribisheni kwanza miezi mitatu kwenye chumba kimojawapo cha watoto. Watoto watalalamika, waache walalamike. Mtajua anaamka saa ngapi, mtajua wewe unakasirishwa na nini hasa, na yeye atajua kelele za nyumba yenu. Hayo fundi hawezi kuwachorea.

Ikifika mahali pa kujenga, nina maneno machache juu ya ule ukuta. Mumeo anasema kuegemeza kunapunguza gharama, na hakosei: anaokoa ukuta mmoja. Lakini kinachokula pesa kwenye kijumba cha aina hii ni choo na jiko, yaani mabomba, na ukuta ni sehemu ndogo ya hesabu. Bomba la choo la milimita 100 huhitaji kushuka kama sentimita 2.5 kwa kila mita. Kijumba kikiwa mita 12 kutoka kwenye shimo, mwisho wa bomba lazima uwe sentimita 30 chini ya mwanzo wake. Kama uwanja wenu unapanda kuelekea huko, hapo ndipo gharama ilipo, na hapo ndipo mumeo aende na fundi kupima. Niliwahi kumwamini fundi mmoja aliyeniambia maji “yatajisukuma”. Hayakujisukuma.

Kama lazima kiegemee nyumba, basi kati ya kitanda chenu na kitanda chake pakae stoo au kabati la ukutani. Atakohoa saa tisa za usiku na nyinyi mtasikia. Na yeye atawasikia nyinyi, jambo ambalo naona mumeo hajalifikiria.

Ndani, mjenge kwa ajili ya magoti ya miaka kumi ijayo. Mlango uwe na upana wa sentimita 90, bafuni pabaki nafasi ya mita moja na nusu ya kiti cha magurudumu kugeuka, na sakafu ya kuogea isiwe na ukingo wa kuruka. Kizingiti kisiwepo kabisa. Kama sakafu imeinuka sentimita 15 kutoka uani, mteremko wa kuingilia uwe na urefu usiopungua mita 1.8, mafundi hupenda kuufupisha, na mzee ndiye anayeteleza. Vishikio vya ukutani viwekewe nguvu wakati wa kujenga hata kama havitafungwa leo.

Kibali kitafutwe mapema. Sehemu nyingi chumba cha ziada hakina shida, ila ukikiwekea jiko na mlango wake kinahesabiwa makazi ya pili, na masharti yanabadilika. Ulizeni hapohapo kama kinaruhusiwa kupangishwa, maana najua mumeo ameshapiga hesabu ya “baadaye”. Mpangaji si mama. Atapita wapi akirudi usiku, chini ya dirisha lako?

Na hilo jina “nyumba ndogo” alikome. Majirani hawacheki bure.

Umeniuliza ufanyeje na hujaniuliza kama ukatae, nami sioni sababu ya kukataa. Mwambie mumeo: “Nakubali mama aje, sikubali auze, na sikubali kaka zako wasikie kwa watu.” Sema hivyo wakati mmeshiba usingizi, asubuhi ya siku isiyo ya kazi. Akikuuliza nani amekufundisha maneno hayo, nitaje.

Jambo la mwisho ni funguo. Kama mtaweka mlango wa kupita ndani kwa ndani kati ya nyumba yenu na kijumba, mkae watatu na kukubaliana kitasa kinafungwa upande gani. Mimi ningeweka komeo pande zote mbili, na ufunguo wa akiba wa mlango wake wa nje ungekaa kwako. Yeye ndiye akukabidhi, kwa mkono wake.